"Nakula mara mbili tu kwa siku, mbona sipungui?"

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 39, naishi Kimara na nauza vitenge Kariakoo. Nina kilo 86, urefu sentimita 160. Kabla ya mtoto wa mwisho nilikuwa na kilo 68. Nakula mara mbili tu kwa siku, mchana kidogo na usiku, lakini mwili hauachi kuongezeka. Magoti yananiuma, na juzi duka la dawa wamenipima presha wakasema ni 142 kwa 90. Marehemu mama alikuwa na kisukari. Nimekunywa chai ya kupunguza tumbo boksi mbili, nikapungua kilo mbili, zikarudi. Shoga yangu anasema nivae mkanda na ninywe maji ya ndimu asubuhi. Mume wangu anasema nisijikondeshe, watu watasema hanilishi. Na mtoto wangu wa pili, miaka 11, naye ameanza kuwa bonge. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwanza hilo la "dokta". Mimi ni mtaalamu wa lishe, si daktari, ila nimeshachoka kukataa. Kwa hiyo presha yako siiwekei dawa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kipimo kimoja cha duka la dawa, umetoka juani na mzigo wa vitenge begani, hakitoshi kukupa jina la mgonjwa, na pia hakitoshi kukupuuza. Nenda kituo cha afya, ukae kimya dakika tano, mgongo umeegemea na miguu imekanyaga sakafu, ndipo wakupime. Rudi siku nyingine wakupime tena. Ikibaki 140 kwa 90 au zaidi, hapo una jambo la kuzungumza na daktari. Siku hiyohiyo pimwa na sukari kabla hujanywa chai, kwa sababu mama yako alikuwa nayo na wewe tumbo limeshakua. Hilo fanya wiki hii. Mengine yote hapa chini yanaweza kusubiri hadi Jumatatu.

Sasa mwili wenyewe. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: 1.6 mara 1.6 ni 2.56, na 86 kugawanya kwa 2.56 ni kama 33.6. Kuanzia 25 tunauita uzito uliozidi, kuanzia 30 tunauita unene uliokithiri. Lakini mimi huwa naamini zaidi tepu ya fundi cherehani. Ipitishe katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani. Nilikuomba ujipime hivyo, ukanitumia jibu: sentimita 104. Kiuno cha mtu mzima kinatakiwa kiwe chini ya nusu ya urefu wake, yaani kwako chini ya 80, na kwa mwanamke kuanzia 88 tunahesabu hatari kubwa ya kisukari na ya moyo. Mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yanayosumbua sukari na presha kuliko ya mapajani. Na hapa niseme neno dhidi ya dera. Dera ni vazi zuri sana na linaficha kila kitu, pamoja na kumficha mwenyewe. Mtu anaongezeka kilo kumi na nane bila nguo yoyote kumbana hata siku moja. Weka kabatini sketi moja ya kukata, uivae kila Jumapili.

Tuje kwenye "nakula mara mbili tu". Wasomaji wengine hawajui kwamba kabla ya kukujibu nilikuomba uandike kwa siku tatu kila kilichopita mdomoni, hata cha kuonja. Uliandika kwa uaminifu mkubwa, na umeniruhusu niiweke hapa siku ya Jumanne.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, chai ya rangi, sukari vijiko vitatu. Saa tatu dukani, chai ya maziwa ya yule kijana wa chupa, vijiko vitatu tena, na maandazi mawili. Saa tano, mihogo ya kukaanga ya mia tano na pilipili, "nachangamsha mdomo". Saa nane, sahani ya wali maharage kwa mama ntilie. Huu ndio ule mchana wako kidogo, na kweli haukuwa mkubwa. Saa kumi, soda baridi, joto lilikuwa kali. Saa mbili usiku nyumbani, ulionja mchuzi mara tatu ukamalizia chipsi alizobakiza mdogo. Saa tatu na nusu, ugali, samaki wa kukaanga, mchicha wa nazi. Saa nne na nusu, chai ya mwisho mbele ya tamthilia, vijiko vitatu.

Umeandika mistari minane, na katika hiyo minane, miwili tu ndiyo umeiita kula. Wala hukunidanganya. Kiswahili chetu ndicho kilichotufundisha hivyo. Kwetu kula ni ugali au wali. Mtu akipiga chapati mbili na soda saa nne, saa saba ukimuuliza atakwambia hajala tangu asubuhi, na anasema kweli kwa lugha yake. Vingine vina majina mengine: kutuliza tumbo, kupoza njaa, kuchangamsha mdomo, kusindikiza chai. Mwili haujui majina hayo. Hesabu nilizozifanya kwa makadirio, kwa kuwa sikukuwepo na mizani, zinanionyesha kwamba vile visivyo na jina la kula vilikupa karibu kilokalori elfu moja siku ile (kilokalori ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula). Hicho ni karibu nusu ya mahitaji ya mwanamke wa kazi ya kukaa. Ukinyimwa ugali wa usiku leo, yale mengine bado yangebaki palepale.

Ndiyo maana sikuandikii ratiba ya "asubuhi yai moja na tango". Ratiba za namna hiyo zinashughulika na milo miwili ambayo haina tatizo kubwa na kuiacha ile sita bila kuiona.

Nianze na sukari kwa sababu ndiyo rahisi kuhesabika. Chai tatu mara vijiko vitatu ni vijiko tisa. Soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 au zaidi kidogo, nayo ni kama vijiko tisa vingine. Kumi na nane. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia kumi ya nguvu tunayokula, kwa mtu mzima kama gramu 50, yaani vijiko kumi na viwili, na linasema ni bora zaidi ikishuka hadi kama vijiko sita. Na hapo nimehesabu kijiko cha chai kilichosawazishwa, gramu nne. Kijiko cha nyumbani kwetu kina mlima juu yake.

Usikate yote siku moja, utaichukia chai na utanichukia mimi. Wiki ya kwanza toa soda ya saa kumi, weka maji baridi ya chupa, yaleyale ya kutoka kwenye friji ya jirani, maana ulichokuwa unatafuta saa kumi ni ubaridi. Wiki ya pili kila kikombe kishuke hadi vijiko viwili. Wiki ya nne, kimoja. Ulimi unazoea ndani ya wiki chache, nimeona kwa wagonjwa wangu na kwangu mwenyewe. Chai yenye tangawizi, mdalasini au mchaichai haidai sukari kama chai tupu. Yule kijana wa chupa mwambie akuwekee sukari pembeni, wengi wao wanakuja nayo tayari imeshakorogwa, na usione haya kumwambia. Wewe ni mteja wa kila siku. Juisi ya miwa na ya embe usihamie huko ukidhani umeokoka. Tunda litafune, usilinywe. Machungwa manne hayaliki kwa mkupuo, lakini glasi moja ya juisi inayameza na wala hushibi.

Sasa mafuta, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nyumba nyingi za Dar zinapozama bila kujua.

Uliniambia mnanunua dumu la lita tano na linaisha baada ya wiki tatu. Mko watano. Lita tano za mafuta ya kupikia ni kama kilo 4.6. Kila gramu ya mafuta ina kilokalori tisa, wakati gramu ya wanga au protini ina nne tu. Gawanya kwa siku ishirini na moja, gawanya kwa watu watano: kila mmoja wenu, pamoja na yule mdogo, anakula gramu 44 za mafuta ya dumu kwa siku. Hivyo ni zaidi ya vijiko vitatu vikubwa, karibu kilokalori 400, kabla hatujahesabu nazi, karanga, mafuta ya nyama wala ya yale maandazi ya dukani.

Hakuna anayeyaona mafuta haya mezani kwa sababu yamejificha. Yako kwenye kitunguu kilichokaangwa hadi kikaelea, kwenye samaki aliyezamishwa, kwenye maharage yaliyoungwa mara ya pili. Zamani mafuta yalinunuliwa kwa kipimo, robo leo, robo keshokutwa, na mkono wa mpishi ulikuwa mwepesi kwa kuogopa kuishiwa. Dumu limefuta woga huo. Unalipindua juu ya sufuria na kusema "kidogo tu".

Kwa hiyo fanya hivi. Ukifungua dumu jipya, chukua kalamu ya wino mzito, andika tarehe ubavuni. Halafu weka kijiko kikubwa kimoja jikoni, kifungwe kamba kwenye dumu kama ikibidi, na mafuta yasiingie kwenye sufuria ila kwa kijiko hicho. Vijiko vitatu kwa sufuria ya mboga ya watu watano vinatosha kabisa. Samaki wa kukaanga awe wa siku mbili kwa wiki, siku nyingine achemshwe na nyanya, limao na kitunguu swaumu, au achomwe. Mchicha wa nazi usiuunge kwa mafuta tena, nazi yenyewe ni mafuta. Tumia tui jepesi na lile zito liweke siku ya wageni. Lengo langu kwako ni moja tu: dumu lile lile, watu wale wale, lifike wiki tano. Likifika, kila mtu nyumbani atakuwa amepunguza kama kilokalori 160 kwa siku bila kuambiwa na mtu yeyote kwamba yuko kwenye mpango wa kupungua. Na hela ya dumu utaiona.

Napenda hesabu ya dumu kuliko kuhesabu kalori za sahani kwa sababu inaihusu nyumba nzima. Mama anayejipikia sufuria yake ndogo ya kabichi pembeni, huku wengine wanakula pilau, nimemwona mara nyingi kliniki. Anadumu wiki tatu. Wiki ya nne anakula kabichi na pilau.

Sahani. Gawanya kwa macho: nusu mboga za majani, robo ugali au wali, robo iwe maharage, dagaa, samaki, kuku au yai. Nasema mboga za majani kwa makusudi, maana ukisema "mboga" tu, mtu anakuletea nyama ya kukaanga na kusema mboga hii hapa. Mchicha, matembele, kisamvu, kabichi, bamia, mnafu, chochote kilichopo sokoni siku hiyo. Ugali wako sasa hivi nadhani ni wa unga wa robo kilo kwa kichwa usiku. Unga gramu 200 tu zina karibu kilokalori 700. Upunguze hadi ukubwa wa ngumi zako mbili ndogo, na mwezi wa pili moja na nusu. Wengi wananiuliza kuhusu dona. Dona ni bora kuliko sembe kwa nyuzinyuzi na vitamini, na inakaa tumboni muda mrefu, kula hiyo. Ila nguvu yake haipishani sana na ya sembe. Nimewahi kuwa na mgonjwa aliyehamia dona na akaongezeka kilo tatu, kwa sababu "ya afya" ilimfanya aongeze tonge.

Kwa mama ntilie mambo ni rahisi kuliko unavyofikiri. Unakwenda unasema, "Mama, wali nusu, maharage yajae, na mchicha nyongeza." Bei atakayokutajia ni ileile. Mara ya tatu atakupakulia kabla hujasema. Saa tano badala ya mihogo ya kukaanga, chukua tikiti au papai la kukatwa, au ndizi moja na karanga za kuchemsha. Na asubuhi kula kitu cha maana kabla hujatoka Kimara: viazi vitamu au magimbi ya kuchemsha, au yai na kipande cha mkate. Sikwambii kwamba kifungua kinywa kina uchawi wa kupunguza mwili, hakina. Nakwambia kwa sababu kwenye daftari lako maandazi yanatokea pale tu alfajiri ulipokuwa umeondoka na chai tupu, siku zote tatu.

Mazoezi nimeyaweka nyuma na nina sababu. Watu wanaanza nayo, wananunua raba, wanakimbia ufukweni Jumamosi moja, wanarudi wanakula chipsi mayai kwa kujipongeza. Mtu wa kilo zako akitembea kwa kasi nusu saa anachoma kama kilokalori 150, na hiyo haifiki andazi moja kubwa. Kwa kupungua, jiko lina nguvu kuliko raba. Lakini kwa kutorudisha ulichopunguza, kwa presha, kwa sukari, kwa magoti na kwa usingizi, kutembea hakuna mbadala. Mwongozo ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kwenda mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Hauko mbali na dakika hizo. Unapanda basi la mwendokasi Kimara hadi Gerezani. Shuka kituo cha Fire, tembea hadi dukani. Jioni fanya hivyohivyo. Ukifika Kimara unachukua bodaboda hadi nyumbani. Iache siku tatu kwa wiki, kukiwa bado na mwanga na watu njiani. Kile kilima cha Kimara unachokichukia ndicho mazoezi yenyewe, na nauli inabaki mfukoni. Dukani usikae kwenye kigoda kile tangu saa mbili hadi saa kumi na mbili: mteja akija simama, mizigo ya juu ipange mwenyewe badala ya kumtuma kijana. Na mara mbili kwa wiki, ukishika meza ya duka, kaa na kusimama kwenye kigoda bila kusukuma kwa mikono, mara kumi, pumzika, mara kumi tena. Magoti yatalalamika wiki ya kwanza. Misuli ya paja ikikaza, goti linapumua. Yakivimba au kuwaka moto, acha uende kwa daktari.

Usingizi nautaja haraka. Unalala saa sita, unaamka saa kumi na moja. Saa tano hazitoshi, na mtu asiyelala vya kutosha huwa na njaa zaidi kesho yake na hutamani vitamu na vya mafuta. Ile chai ya saa nne na nusu na tamthilia vikiondoka pamoja, umepata saa nzima.

Chai ya kupunguza tumbo sasa. Nyingi kati ya hizo zina sena, ni majani ya kuharisha. Yanafanya kazi kwenye utumbo mpana, na chakula chako kimeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba kabla hakijafika huko. Kilichotoka ni maji na kinyesi, ndizo zile kilo mbili, na ndiyo maana zilirudi ulipokunywa maji. Mbaya zaidi, baadhi ya bidhaa zinazoitwa za asili zimekutwa katika nchi mbalimbali zikiwa na sibutramini ndani bila kuandikwa kwenye boksi. Hiyo ilikuwa dawa halali ya kupunguza hamu ya kula, ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Na wewe una 142 kwa 90. Kama ile chai ilikuwa inakufanya moyo uende mbio na mdomo ukauke, siku ya kliniki beba boksi lake.

Mkanda unatoa jasho, jasho ni maji. Hakuna njia ya kuchagua mafuta yatoke tumboni peke yake, iwe kwa mkanda, kwa krimu au kwa kulala chini na kuinuka-inuka. Maji ya ndimu kunywa ukipenda, hayana ubaya, hayachomi mafuta. Zile sindano za kupunguza hamu ya kula zinazozungumzwa sana siku hizi, semaglutidi na wenzake, ni dawa za kweli na zinafanya kazi, lakini ni za kuandikiwa na daktari na kufuatiliwa naye, ni ghali, na ukiacha uzito mwingi hurudi. Usinunue kwa mtu wa Instagram.

Kuna jambo uliliandika kwa herufi ndogo mwishoni mwa daftari lako, kwamba unatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu tangu mtoto wa mwisho. Ni kweli sindano hiyo huwaongezea uzito baadhi ya wanawake. Haiwezi kueleza kilo kumi na nane zote, ila inaweza kuwa na mkono wake. Usiiache kienyeji ukapata mimba ya presha. Mwambie muuguzi wa uzazi wa mpango, njia nyingine zipo. Mwambie pia kama unahisi baridi kuliko wengine, umechoka mno, hedhi zimevurugika au umeota ndevu kidevuni, kwa sababu tezi ya shingo na homoni za ovari huweza kuwa nyuma ya unene, ingawa si mara nyingi kama watu wanavyopenda kuamini. Na kama umewahi kumeza vile vidonge vya kuongeza hipsi, sema bila aibu. Nilivyowahi kuonyeshwa vilikuwa siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa, au deksamethasoni, ambayo inapandisha sukari na presha na haifai kuachwa ghafla.

Nimefika kwa mume wako. Simcheki. Anasema kitu ambacho mtaa mzima unakiamini. Kwetu "umenenepa" ni pongezi, "umependeza, mume anakutunza". Na "umepungua" ni swali la polepole lenye woga ndani yake, hasa kwa sisi tuliozika ndugu miaka ya tisini, tulipokuwa tunaangalia mtu anakonda na kila mtu anajua na hakuna anayetamka. Woga huo hautoki kwa kuelezwa hesabu ya 33.6. Mwambie hivi: sijikondeshi, naukwepa ugonjwa uliomchukua mama. Kisha mwende wote kupimwa. Nina hakika hata yeye tepu itamwambia neno. Mwanaume kuanzia sentimita 94 huanza kuhesabiwa, na bia ya nusu lita ina kilokalori kama 200. Na mtaani wakikuuliza "unaumwa?", jibu "naumwa ugali, nimepunguza". Watacheka, watazoea.

Usijione pia kama wewe tu ndiye mzembe. Katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16, wanawake 28 katika kila 100 wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Katika ule wa 2022 wakawa 36. Ndani ya miaka hiyo michache damu za watu hazikubadilika, wala ulafi haukuzaliwa upya. Yaliyobadilika ni dumu, bodaboda, kigoda, soda kila kona na simu usiku.

Lengo. Usiniambie unataka 60. Tunataka kilo sita kwa miezi sita, yaani asilimia saba ya uzito wako. Nimeichagua namba hiyo makusudi: katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002, watu waliokuwa wanaelekea kwenye kisukari walilengeshwa asilimia saba na dakika 150 za mazoezi kwa wiki, na idadi ya walioupata ugonjwa ilikuwa ndogo kwa asilimia 58 kulinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Kwa waliopewa metformini, dawa ya kisukari, idadi hiyo ilikuwa ndogo kwa asilimia 31. Sita hizo hazitakufanya mwembamba. Utakuwa na kilo 80 na watu watakuita bado mama mnene, huku presha yako huenda inasoma vingine. Pima Jumamosi asubuhi, mizani ileile, kanga moja. Kuna wiki itakaa palepale na kuna wiki ya hedhi itapanda. Angalia tepu na mwezi, usiangalie siku.

Kuhusu kijana wako wa miaka 11, yeye usimpe mpango wowote wa kupungua. Anakua, na mara nyingi mtoto akibaki na kilo zilezile huku urefu unapanda, amemaliza kazi. Dumu likifika wiki tano na soda ikiondoka kwenye friji, umeshamtibu nusu. Hela ya shule mpunguzie, mfungie viazi vitamu au yai na chupa ya maji. Anahitaji saa moja ya kucheza kila siku hadi atoke jasho. Mpira wa mtaani ni bora kuliko jimu yoyote, hata akirudi na suruali imechanika. Asilazimishwe kumaliza sahani. Na lile neno "bonge" lifutwe nyumbani kwako leo, hata kwa utani, hata kwa bibi yake. Ana jina lake.